Mshika Swichi Wangu

Natengeneza redio, televisheni na ampilifaya katika chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Malindi, na mshika swichi wangu ni mume wangu. Watu husema ajali haina kinga. Huo ni msemo wa mafundi wavivu. Mimi kinga ninazo, na mojawapo huvaa kikoi na kuninywea chai yangu yote.

Kazi yetu huenda hivi. Kwanza nazikunjakunja nyaya za kupimia, nyekundu na nyeusi, nione kama mpira wake umepasuka. Joto na hewa ya chumvi ya huku havina huruma, na waya ulioanza kuonyesha shaba naukatakata kabla ya kuutupa, asije mtu akauokota. Kisha, plagi ikiwa nje, nazibana nyaya kwenye chombo kwa vibano vyake, naweka mikono mapajani, ndipo nasema, "Washa." Mume wangu, aliyeketi ukutani penye soketi, huchomeka na kuwasha. Nasoma mita bila kugusa kitu. "Zima." Naye hujibu, "Nimezima na nimechomoa." Bila jibu hilo sigusi, na hata nikilipata hungoja kwanza umeme uliosalia ndani ushuke.

Mambo yalituharibikia siku aliposema mbele ya wageni kuwa mchuzi wa nazi wa dada yake hauna mpinzani. Mimi ndio kwanza nilikuwa natoka jikoni na sinia mikononi. Nikamjibu pale pale, wageni wakisikia, kwamba basi ahamie kwa dada yake. Yeye akanuna kwa kujibiwa, mimi nikanuna kwa kuumbuliwa. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, najua, lakini sisi tulinyamaziana siku nyingi, hata salamu za asubuhi tukawa tunampa paka.

Katikati ya manuno hayo ikaletwa ampilifaya ya harusi. Mama wa bwana harusi angeifuata alasiri. Nilitaka kujua kama umeme unaifikia transfoma yake, nikajiambia leo nitawasha mwenyewe, simbembelezi mtu. Nilipomaliza kubana nyaya nikageuka, nikamkuta ameshaketi penye soketi, uso kaukunja kama mkeka. Moyo ulinilainika, ila sikumwonyesha.

Nikampa ishara kwa kidevu. Akatazama dari. Tulikubaliana tangu zamani kwamba swichi husikia neno, si kidevu, maana kidevu hata nzi anaweza kukutikisisha. Nikakohoa. Akazidi kutazama dari.

"Washa," nikasema, kwa sauti ya mtu anayemeza shubiri.

Akawasha. Mita ikapanda hadi mia mbili na arobaini, ikatulia. Mara ikaanguka hadi sufuri. Hasira zikanipanda: amezima kabla sijasema, ananikomoa! Kibano kimoja nilikiona kama kimelegea. Nikanyoosha mkono nikibane upya.

"Usiguse!"

Sijapata kumsikia akipiga kelele namna ile.

"Mke wangu, usiguse! Mimi sijazima, stima ndiyo imepotea!"

Mkono ukaganda hewani. Kitaa chekundu cha soketi kilikuwa kimezimika huku swichi ikiwa imewashwa, naye alikiona. Mimi nilikuwa naitazama mita na kinyongo changu tu. Sijaurudisha mkono vizuri, stima hiyo, imerudi. Mita ikaruka tena hadi mia mbili na arobaini, na kibano kilikuwa kando tu ya vidole vyangu.

Akazima, akachomoa, akaiinua plagi juu niione. Niliogopa, na nilimpenda mtu yule kuliko siku aliyonioa.

Akaja hadi mezani, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya wageni.

"Sasa wewe ukifa," akasema, "mimi nitamnunia nani?"

Nikacheka huku nalia, na ampilifaya ya watu ikangoja.