Bongo Fleva Juu ya Mikono ya Babu

Juzi hapa Iringa, kwenye sherehe ya lugha ya alama, dada mmoja kiziwi alionyesha filamu yake. Haina sauti, na kaipanga hivyo makusudi. Ni babu yake, kiziwi pia, akionyesha alama walizotumia yeye na wenzake kwenye viwanda vya mbao Mafinga. Babu huyo ameshafariki. Alama zake zimebaki humo tu.

Babu alipoanza kueleza mwenzake alivyoangukiwa na gogo akafa, nikaona watu ukumbini wanatikisa mabega. Mshereheshaji alikuwa amewawekea Bongo Fleva.

Dada naye aliyaona mabega. Akaenda kuweka kiganja juu ya spika, akakiacha hapo kidogo, kisha akamgeukia mkalimani wake.

"Anauliza nani kaweka muziki," mkalimani akasema.

"Mwambie tunamsaidia, dada yangu," mshereheshaji akajibu. "Kimya kinaboa watu."

"Anasema hapo babu yake anaeleza msiba."

"Sasa sisi tungejuaje?"

Kwa kutazama, kaka. Maelezo ya Kiswahili yalikuwa yanapita chini ya picha.

Muziki ukazimwa. Nilidhani aibu ingetutuliza kwenye viti. Wapi. Wengine walimfuata mgeni rasmi aliyekwenda kwenye chakula, waliobaki wakatoa simu. Mgeni huyohuyo alikuwa ametuhutubia asubuhi kwamba lugha hii ni urithi, tusiiache ife. Dada akasimama kando ya skrini akitutazama nyuso, na babu yake akaendelea kuviambia viti jinsi mwenzake alivyokufa.