Jagi la Maji Kando ya Trela

Juzi, barabarani mjini Mesquite, nilijikuta nyuma ya trela nyeupe ya kulala safarini, kama ile tuliyoikodi nilipokuwa mdogo, tukasafiri kutoka nyumbani Carrollton hadi jangwa la Arizona. Nakumbuka alasiri moja kambini, harufu ya vumbi la moto na vitunguu, mlango wa trela ukigongagonga kwa upepo. Baba alikuwa akisimamisha hema lake peke yake. Aliniambia atalala nje ili atulinde na dubu, nami nikamwona shujaa.

Siku zote Mama ndiye aliyemnawisha Baba mikono kabla ya kula. Siku hiyo alinipa mimi jagi. Nilijiona nimekuwa mkubwa. Nilimmiminia polepole, mchanga ukayanywa maji yote.

“Mwambie mama yako asante,” alisema Baba.

Mama alikuwa pale pale kwenye dirisha la trela, amesikia kila neno. Nilikimbia kumwambia.

“Mwambie ale, kinapoa,” alisema bila kugeuka.

Nikarudi mbio kwa Baba. Niliupenda sana mchezo ule.

Kumbe jangwani kule hapakuwa na dubu. Sasa Mama yuko Carrollton, Baba yuko Stafford, kule Houston, na mpaka leo ni mimi ninayepeleka maneno.