Mpuliza Bomba

Ukipanda ngazi za hospitali huku umeshika bomba la pembeni, na mkono wako usirudi na vumbi jekundu la kutu, ujue kuna mtu aliungua kidogo kwa ajili yako. Humjui, naye hakujui, na hakuna aliyewahi kumtumia hata salamu. Kazi yake ni kukivisha chuma zinki.

Chuma kikiachwa kitupu, maji na hewa hukila polepole mpaka kibaki makombo. Kikivishwa zinki, zinki ndiyo huliwa kwanza. Hata mtu akikikwaruza, zinki iliyo jirani huendelea kujitoa ili ile sehemu iliyo wazi isiguswe. Ila zinki haipakwi kwa brashi kama rangi ya mlango. Chuma huoshwa mafuta, hulowekwa kwenye tindikali mpaka kutu yote ing'oke, hupitishwa kwenye maji ya chumvi, hukaushwa, kisha hushushwa kwa winchi kwenye birika la zinki iliyoyeyushwa kwa nyuzi mia nne na hamsini. Birika lenyewe lina urefu wa basi. Wafanyakazi huliita sufuria, na anayechovya humwita mpishi wakitaka kumchokoza.

Mpishi wa sufuria hiyo kwa miaka ishirini na sita alikuwa mtu mmoja mrefu, mkimya, aliyeitwa Mapafu. Jina hilo alilipata ujanani, na ili kulielewa lazima ujue kwanza ubaya wa bomba.

Mafundi wa kuchomelea wakiunganisha mabomba kuwa kingo ya ngazi, kila kiungo lazima kiachwe tundu la hewa kwa ndani. Fundi akilisahau, maji hupenya kwenye ufa mwembamba wa kuchomelea na kujificha humo. Yakikutana na joto la zinki hugeuka mvuke kufumba na kufumbua, bomba hupasuka, na zinki huruka kama mafuta ya kukaangia yaliyotiwa maji. Mafuta huacha lengelenge. Zinki huacha kilema.

Tundu la ndani halionekani kwa macho, na waya haupiti kwenye kona. Zamani palikuwa na mashine ya upepo kwa kazi hiyo. Iliharibika, ikaandikiwa barua, barua ikapotea, na mashine ikageuka kiti cha watu kunywea chai. Basi watu wa sufuria wakabuni njia yao. Kabla chuma hakijaingia kwenye tindikali, matundu ya njiani huzibwa kwa vitambaa, mmoja huweka mdomo kwenye tundu la mwanzo na kupuliza, na mwenzake huweka shavu kwenye tundu la mwisho. Upepo ukimgusa shavu, hupaza sauti: "Umefika." Usipofika, chuma hurudishwa kwa fundi kikatobolewe. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini kila aliyefanya kazi pale aliishika kuliko zile zilizobandikwa ukutani.

Mapafu alikuwa mpulizaji wao tangu mwanzo. Inasemekana mwaka wake wa kwanza alipuliza kingo ya ngazi nzima ya ghorofa nne kwa pumzi moja, na kofia ya aliyekuwa upande wa pili ikaanguka. Mimi hiyo ya kofia siiamini, lakini yeye hakuwahi kuikanusha.

Aliyeweka shavu kwa miaka kumi na mmoja sasa alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemtafutia ile kazi. Walizoeana kama kinu na mchi. Huyu anapuliza, huyu anaitika, na siku inaanza.

Lakini Mapafu alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu wa kulala ukaamka mzima. Huu aliamka nao, akanawa nao uso, akaenda nao kazini. Moshi wa tindikali na ule mweupe unaopanda chuma kinapogusa zinki vilikuwa vimemkaa kifuani miaka yote hiyo, na kitambaa alichojifunga puani kilikuwa cha kujifariji tu. Nyumbani kwake ni ghorofa ya tatu. Kila jioni alisimama ghorofa ya pili akainama kama anayefunga kamba za viatu, majirani wakampita na kumpa pole ya kazi. Viatu vyake vilikuwa vya mpira, havina kamba hata moja.

Hakumwambia mtu. Alijua atakayeonekana hana pumzi ataondolewa kwenye sufuria, apewe ufagio au akae getini kuandika namba za magari. Na nje ya sufuria alijiona si mtu. Ndiyo maana kila asubuhi alisubiri lile neno moja kuliko chai. Alipuliza, macho yakamwingia giza kidogo, na kutoka upande wa pili akasikia, "Umefika." Moyo ukatulia. Kama upepo umefika, basi pumzi bado ipo, na haya mengine ni uzee wa kawaida. Neno hilo ndilo lililokuwa daktari wake, na hakutaka mwingine.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Zililetwa kingo za ngazi za zahanati, zenye kona nyingi, kazi ya fundi mgeni. Mapafu alipuliza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne ilimbidi ashike nguzo. "Umefika," alisema shemeji yake, haraka kidogo, huku tayari akizibua vitambaa. Mapafu akajipangusa mdomo, akaridhika.

Mchana, baada ya tindikali na maji ya chumvi, alisimama mahali pake ukingoni mwa sufuria, aproni kifuani, glavu mkononi, na kidhibiti cha winchi kwenye kiganja. Mwenzao mmoja, ambaye kazi yake ni kukwaruza majivu yanayoelea juu ya zinki, alikuwa amekwisha kuyasogeza. Zinki ilikuwa nyeupe na tulivu. Kingo tatu ziliingia na kutoka bila matata, zikining'inia na kuchuruzika. Ya nne akaishusha polepole, kona kwa kona, kama alivyofundishwa na kama alivyofundisha wengine.

Alisikia kwanza kitu kama kikohozi ndani ya pipa. Halafu bomba likapasuka.

Zinki iliruka mpaka kwenye paa. Mapafu aligeuza uso tu, hakuwa na muda wa zaidi. Aproni ilipokea nyingi, kofia ikapokea yake, na tone moja likapita juu ya glavu likamtulia mkononi karibu na kiwiko. Alilipangusa, likatoka na ngozi. Kisha, kwa mazoea ya mtu aliyewahi kuona wenzake wakiungua, hakujitazama. Aliwatafuta wengine.

Hawakuwepo. Ukingo mzima wa sufuria ulikuwa wake peke yake. Matone yaliyoganda yalikuwa yametapakaa mahali ambapo mkwaruzaji angepaswa kuwa amesimama, na mahali ambapo shemeji yake angepaswa kuwa ameshika ndoano. Halafu wakatokea nyuma ya ukuta mfupi wa matofali unaotenganisha sufuria na sehemu ya kukaushia, mmoja baada ya mwingine, wazima, nguo safi.

"Mlikuwa wapi?" aliuliza Mapafu.

Shemeji yake aliinama akaokota ndoano.

"Wewe," alimwambia mkwaruzaji. "Kazi yako iko hapa, hatua mbili kutoka kwangu. Umeenda kufanya nini nyuma ya ukuta?"

Mkwaruzaji alitazama fagio lake la chuma. "Kaka, mimi nina watoto wadogo," alisema.

"Usimlaumu, shemeji," alisema yule mwingine. "Ni mimi niliyewaambia wawe wanasogea ukianza kushusha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu upepo haufiki."

"Leo?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Siku nyingine unafika kidogo, siku nyingine sihisi kitu kabisa. Najiambia, fundi hawezi kusahau tundu. Na hawakusahau, mpaka leo."

"Na ukawa unasema umefika."

"Ningesemaje, shemeji? Hapa umenileta wewe. Nikisema haujafika, tunarudisha chuma, kinaonekana kina tundu, nao wanauliza kwa nini haukufika. Kesho yake wanakutoa. Na aliyekutoa atakuwa nani? Mimi."

Mapafu aliketi juu ya ile mashine mbovu ya upepo. Mkono ulikuwa umeanza kuuma sasa, lakini si huo uliomketisha. Watu hawa walimpenda, hilo hakulitilia shaka hata hapo. Waliliogopa bomba kiasi cha kujificha, na walimheshimu yeye kiasi cha kumwacha amesimama. Zaidi ya mwaka mzima, kila alipobonyeza kitufe cha winchi, wenzake walihesabu hatua zao kimyakimya kuelekea ukutani, na yeye akabaki pale na heshima zake.

Angekasirika, na nadhani mtu mwingine angekasirika. Lakini hasira inataka pumzi, na pia inataka mtu awe hana lake. Yeye alikuwa na lake. Alikumbuka ile "umefika" ya asubuhi, ilivyotoka kabla hajamaliza kupuliza. Aliisikia. Aliisikia vizuri na akajipangusa mdomo.

Msimamizi alikuja mbio, akatazama paa, akatazama bomba lililofumuka, akamtazama kila mtu kama anayehesabu vidole vyao.

"Hili bomba nani alilipima?"

"Nilipuliza mimi," alisema Mapafu.

"Nani alipokea?"

Shemeji yake aliinua mkono.

"Upepo ulifika au haukufika?"

Hapo palikuwa na mlango wazi, na kila mmoja aliuona. Fundi mgeni hakuwepo, na wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Neno moja tu, lile lile la siku zote, na lawama yote ingemwendea fundi. Mapafu angebaki na sufuria yake, shemeji angebaki na kazi yake, na kesho asubuhi wangeanza tena. Shemeji yake alimtazama yeye kwanza, akingoja aambiwe la kusema. Alikuwa amefungua mdomo tayari.

"Haukufika," alisema Mapafu. "Alisema umefika kwa kunihurumia. Na mimi nilijua sina pumzi, ila nilipenda kuambiwa ninayo. Fundi ana kosa lake, sisi tuna letu."

Msimamizi alitoa daftari lake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu mwenye ripoti ya kuandika. Alisema Mapafu aende akafungwe jeraha, kisha kwa daktari akapimwe kifua, na kwenye sufuria asirudi. Alisema yule shemeji akae nyumbani mpaka aitwe, na hakusema ataitwa lini. Halafu akatazama ile mashine iliyokaliwa na kuuliza kwa nini haijatengenezwa. Alijibiwa kuhusu barua. Barua ilipatikana siku hiyo hiyo, kwenye droo yake mwenyewe.

Shemeji yake aliondoka bila kuaga. Mapafu alimwita getini, lakini sauti haikufika mbali, na yule hakugeuka.

Jua lilikuwa bado liko juu alipofika nyumbani. Ghorofa ya pili alisimama, na safari hii hakujifanya anafunga chochote. Alisimama tu, mkono kwenye kingo ya ngazi, ambayo ilikuwa ya chuma kilichopakwa rangi tu, imekwisha kuvimba kutu. Kisha akamalizia ngazi zilizobaki.

Mkewe alikuwa anapiga pasi. "Leo umewahi," alisema.

"Kuanzia kesho sipo kwenye sufuria."

Alitarajia maswali. Mkewe aliisimamisha pasi, akashusha pumzi ndefu, na usoni mwake Mapafu aliona kitu kilichokaribia furaha.

"Nilikuwa nangoja useme mwenyewe," alisema.

"Ulijua?"

"Baba, nakusikia kila jioni. Ukifika ghorofa ya pili unasimama. Ukisimama ndipo nawasha jiko, ili ukiingia ukute chai imechemka." Alikunja shati alilokuwa akilipiga pasi, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo. "Nilijua ukiambiwa utaumia. Hata mdogo wangu nilimwita nikamwambia, mwangalie shemeji yako huko kazini. Asije akaaibika mbele za watu."

Mapafu alianza kuvua koti, na mkono mmoja ukamshinda. Mkewe alikuja kumsaidia, akaivuta mikono ya koti, na hapo akaiona bendeji, na juu ya bendeji shati lililotoboka kwa moto sehemu tatu.

Miaka ishirini na sita ya kuolewa na mpuliza bomba ilikuwa imemfundisha kazi ile kama anavyolijua jiko lake. Aligusa tundu moja la shati kwa kidole, akatulia.

"Nani alikuwa upande wa pili?" aliuliza.

Mapafu angeweza kutojibu. Mkewe alikuwa amekwisha kujua. Lakini siku hiyo alikuwa ameshachoka na watu kufichana mambo kwa sababu ya kupendana.

"Mdogo wako," alisema, bila hasira. "Alifanya vile ulivyomwambia."