Sedekia Mpishi na Makangaga ya Isongole

Sedekia alipoacha kazi ya upishi mjini Mbeya, mwaka hamsini na tatu, alirudi kwake Isongole na sanduku la bati, aproni mbili nyeupe, na mbegu za kabeji, karoti na saladi alizozifunga katika vitambaa. Mzungu aliyempikia alikuwa amerejea kwao Ulaya. Majirani walikuja kumpokea, wakasimama uani wamejifunika mablanketi huku ukungu wa milima ya Poroto umetanda, naye akawatangazia kwamba mvua moja tu ikinyesha, watakula mboga za mezani.

"Za mezani ndiyo zipi?" aliuliza mkewe, Tupokigwe.

"Zile zinazoliwa kwa uma."

Kusema kweli, Sedekia alikuwa amemenya karoti nyingi kuliko mtu yeyote wa upande ule, ila hakuwahi kuiona hata moja ikiwa bado ardhini. Mkulima alikuwa Tupokigwe. Miaka yote ambayo mume alikuwa mjini, akija Krismasi na kuondoka kabla nguo zake hazijanuka moshi, mwanamke huyu alilima viazi na njegere, akamlea mtoto wao Isakwisa mpaka akaoa, akasimamia kuezekwa kwa nyumba. Kila kipande cha shamba kilikuwa na kazi yake. Basi mume alipoomba mahali pa bustani, alionyeshwa mteremko wa nyuma ya zizi.

"Hapa mbona hapana kitu!" Sedekia alifurahi.

"Pana makangaga," mkewe alisema.

Makangaga ni yale majani ya milimani yenye sura ya unyoya wa jogoo, ambayo huchipua yamejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Yaliutawala mteremko ule tangu mama yake Sedekia alipoolewa pale. Sedekia aliyatazama, akacheka. Akasema majani ni majani.

Alianza na moto. Kiangazi kile aliuchoma mteremko wote, moshi ukawafikia mpaka wanakwaya waliokuwa kwenye mazoezi kanisani. Mvua za kwanza aliposia mbegu zake, alivaa aproni akakaa kusubiri. Wa kwanza kutokeza kichwa walikuwa wenyeji. Makangaga yalitoka manene na mengi kuliko zamani, kama watu walioalikwa karamuni, kwa sababu moto haukuigusa mizizi. Uliyafagilia uwanja tu. Kabeji chache zilizochipua zilifunikwa, zikafa kimyakimya.

"Baba Isakwisa!" Tupokigwe alimwita kutoka kwenye viazi vyake. "Nilete uma sasa, au bado?"

Sedekia akashika jembe. Mizizi ya makangaga ni myeusi, minene kama kidole, na hutambaa chini kwa chini mbali sana. Aliichimba wiki baada ya wiki hadi mgongo ukawa upinde. Aliyoing'oa aliitupa chini ya mteremko, akaisahau. Mvua haikuisahau. Iliisomba taratibu mpaka kwenye maharage ya Jailos, jirani yao, mtu mpole aliyepiga tarumbeta kanisani, nayo ikachipua huko.

Siku moja Jailos alikuja uani na mzigo begani, akautua mbele ya Sedekia.

"Mugonile, Baba Isakwisa."

"Mugonile, ndugu yangu. Umeniletea nini?"

"Watoto wako. Wamehamia kwangu bila hodi."

Sedekia aliona aibu, na fundi akiona aibu hukimbilia ufundi wake. Alimbembeleza Jailos akae, asiondoke kabla ya kula. Alipoingia jikoni alikuta ugali upo, mboga hakuna. Akautupia jicho ule mzigo. Juu yake kulikuwa na machipukizi laini, yamejikunja vizuri. Akakumbuka kwamba mjini alipika kila kitu cha kijani kwa siagi na hakuna aliyelalamika. Akayachemsha, akayakaanga, akayapanga sahanini kwa mviringo.

"Mboga gani hii?" Jailos aliuliza.

"Ya kigeni," Sedekia alijibu.

Tupokigwe aliitambua mara moja, lakini alikuwa amechoka kuambiwa hajui mapishi ya mjini. Alionja kidogo, akaendelea na ugali mtupu. Ilikuwa chungu kama kwinini. Jailos, kwa adabu zake, alimaliza sahani nzima, akasema ndaga fijo, asante sana, akaaga.

Jumapili ile tarumbeta haikusikika kanisani. Sedekia naye hakuonekana. Kila mmoja, kwake, alishinda akienda nyuma ya nyumba na kurudi. Mchungaji aliwataja katika maombi ya wagonjwa, na Tupokigwe, aliyekaa upande wa wanawake, aliinamisha kichwa zaidi ya wenzake ili asionekane anacheka.

Tumbo lilipotulia, Sedekia alifungua sanduku la bati akaanza kukunja nguo.

"Narudi Mbeya," alisema. "Mpishi hakosi kazi."

Tupokigwe alikuwa akimenya njegere. Safari hii hakucheka.

"Mtoto wetu wa pili alipofariki, ulikuwa Mbeya," alisema. "Upepo ulipoezua nyumba, ulikuwa Mbeya. Sikukulaumu, kazi ni kazi. Lakini ukiondoka leo, Baba Isakwisa, wakiniuliza mume wako yuko wapi, nitasema amekimbia majani."

Sedekia alikaa juu ya kifuniko cha sanduku, aproni mkononi. Akauliza, "Mbona hukuniambia kwamba moto hauyawezi?"

"Na mimi sikujua. Niliyaogopa, ndiyo maana niliyaacha."

Hilo lilimtuliza kuliko faraja yoyote. Alivua viatu vya mjini, akaenda kwa Jailos kuomba radhi na kujitolea kumpalilia maharage yake. Jailos alikubali kwa sharti moja: asije na chakula.

Akiwa kule, Sedekia aliona jambo. Kando ya njia ya ng'ombe, ambapo machipukizi yalikanyagwa kila siku, makangaga yalirudi membamba, kila mara membamba zaidi, mpaka mengine yakakata tamaa. Alirudi mbio kumweleza mkewe. Tangu hapo, kila asubuhi, wawili hao walipanda mteremko na fimbo, wakiyavunja yale yaliyokuwa ndiyo kwanza yanakunjua ngumi. Mizizi waliyoichimba sasa waliianika mwambani ikauke kabisa ndipo waichome. Walimwaga majivu na samadi, Tupokigwe akapanda viazi na kuviinulia udongo, ili kila kuvipalilia kuwe ni kuyasumbua makangaga pia.

Kazi ile ilikwenda misimu kadhaa, na haikuhitaji akili, kwa hiyo walipata nafasi ya kuzungumza. Sedekia alisimulia mambo ya jikoni kwa Wazungu. Tupokigwe alisimulia habari za yule mtoto, alivyougua, aliyoyasema. Siku hiyo fimbo ya Sedekia ilisimama, na majirani waliowaona kwa mbali wakadhani wamegombana.

Makangaga hayakuisha. Nusu ya juu ya mteremko ni yao mpaka leo. Lakini nusu ya chini ilikubali, na baada ya viazi ikaja kabeji, kubwa, zimefunga sawasawa. Jailos alikuja kuzitazama, akazigonga kwa kidole kana kwamba anabisha hodi.

Kabeji ya kwanza Sedekia alitaka kuipika nzima na maziwa, kama alivyozoea. Alipotoka kutafuta sufuria kubwa, Tupokigwe aliikatakata, akaiunga kwa karanga za kutwanga.

"Mama Isakwisa! Mimi nimempikia Mzungu miaka chungu nzima!"

"Najua," alisema Tupokigwe, akikoroga. "Akakukimbia."

Sedekia alisusa, akaketi mlangoni akitazama nje. Harufu ya karanga ilipomfikia, alisogeza kigoda ndani. Alikula sahani mbili, kwa mkono, na kesho yake asubuhi akamuuliza mkewe, kwa sauti ya chini ili Jailos asisikie ng'ambo ya ua, karanga zile alizikaanga kwanza au alizitwanga mbichi.