Nilidanganya nimesafiri ili nicheze contest ya redio, sauti yangu ikatokea kwenye spika za msiba

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na nyie wengine mambo vipi.

Naandika hapa bila kuogopa kujulikana, maana kijijini kwangu hakuna asiyejua. Ukweli wa uzi huu mtaupima wenyewe: mtu anayetunga hujiwekea angalau sehemu moja anayoonekana mwanaume. Mimi humu sina hiyo sehemu.

Ni mwalimu wa fizikia, nipo Kibimba, Ngara. Na ni ham.

Kwa wasiojua, ham ni mtu mwenye leseni ya kurusha mawimbi ya redio kwa kujifurahisha tu. Unaongea na dunia nzima bila bando wala mnara. Hatutangazi, hatupigi muziki. Unaita, mtu anajibu, mnapeana namba, anakuja mwingine. Wikiendi kunakuwa na contest, anayewapata watu wengi ndiye mshindi.

Contest yenyewe ilikuwa ya bendi za chini, yaani masafa ya mita 80 na mita 160. Hizi mchana zimelala fofofo, jua likianza kuzama ndiyo zinaamka. Na zinataka waya mrefu haswa, siyo kile kidude cha juu ya paa.

Sasa kwangu hakuna mti wa maana. Mti mrefu ulikuwa kwa jirani yangu Mzee Masalu, mkaratusi mmoja umesimama katikati ya uwanja wake. Mzee alikuwa Msukuma, alihamia huku na ng'ombe wake kutokea Shinyanga, akaoa hapahapa kwetu Wahangaza. Mkewe ni Mama Limi.

Nilimwendea kwa adabu nikamweleza shida yangu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu, unataka kamba ya kuanikia nguo za Wazungu?"

Lakini akakubali, na kamba ya kuvutia ule waya juu ya mti alinipa yeye, ya kufungia ng'ombe. Waya ukatoka dirishani kwangu, ukapita juu ya migomba, ukaishia juu ya uwanja wake.

Tangu hapo kila akipita jioni ananiuliza, "Umewapata leo?" Nikisema nimempata Mjapani, anafurahi kama kampata yeye. Siku moja akaniomba nikimpata mtu wa mbali kabisa nimsalimie, nimwambie Masalu wa Kibimba anakusalimu. Nikamwambia sawa mzee wangu.

Sikumsalimia mtu hata mmoja. Kwenye contest salamu zinakupotezea muda.

Baadaye mzee akaanza kuugua koo. Sauti ikapotea taratibu, ikabaki ya kukoroma, anaongea kama mtu aliyeko ndani ya mtungi. Hilo mlikumbuke. Alifariki alfajiri ya Jumamosi.

Jumamosi ya contest, wakuu.

Huku kwetu msiba siyo kitu cha kuamua niende au nisiende. Tuna chama cha kuzikana. Wanaume tunapasua kuni, tunachimba, tunalala nje na wafiwa. Wanawake wanapika kwa vyombo vya chama, sahani zimepakwa rangi nyekundu chini zisipotee. Ukikimbia msiba bila udhuru, siku yako ikifika utajichimbia.

Asubuhi nilikwenda. Nikatoa pole, nikapasua kuni mbili tatu nionekane. Lakini moyo haupo. Nilikuwa nimeisubiri contest ile kwa miezi, nimebadilisha betri ya sola, nimenunua headphone mpya. Mchana shetani akashinda. Nikamfuata mwenyekiti wa kitongoji, nikamwambia nimeitwa Runazi, mjomba kazidiwa.

Mjomba wangu wa Runazi muda huo alikuwa shambani anapalilia mahindi, mzima kama chuma.

"Nenda mwalimu, mgonjwa hangoji," mwenyekiti akasema. "Ndugu wa marehemu wanaingia jioni kutoka Shinyanga, tunazika kesho. Ujitahidi kuwahi." Na akanipa pole! Nikaipokea.

Nyumbani nikaficha pikipiki jikoni, nikafunga madirisha. Mke wangu aliniangalia tu, kisha akauliza nitakula nini. Jua lilipoanza kushuka alipita kwenye migomba akaniletea sahani ya ndizi na maharage kutoka kulekule msibani, kaifunika kwa jani. Ndiyo wakuu, msiba niliukimbia lakini chakula chake nilikula.

Nikavaa headphone, nikawasha. "CQ contest, CQ contest, CQ contest." Yaani yeyote anayenisikia anijibu.

Jamani! Tanzania kwenye bendi za chini ni adimu. Ukiita, watu wanakujia kama nzige, Finland, Japani, kila kona, wote wanagombania wewe uwajibu. Mimi ambaye hata darasani wananisikiliza kwa kulazimishwa, dunia nzima inaniita. Nilianza kwa kunong'ona, baadaye nikajisahau, napaza sauti kama mnadani.

Nisichojua, msibani walishafunga spika kwa ajili ya ibada ya jioni. Waya za spika wamezitandaza chini ya mkaratusi, chini kabisa ya waya wangu. Waya mrefu wa spika hunasa mawimbi ya jirani, na hilo ninalifundisha mwenyewe Form Four. Mwalimu wa fizikia mzima!

Yanayofuata nilisimuliwa.

Mchungaji yuko katikati ya sala, spika ikakoroma. Redio zetu zikiingia kwenye spika haitoki sauti safi. Huambulii neno, unasikia mtu anabwabwaja ndani ya mtungi.

Mmeshaelewa.

Mchungaji akazima maiki. Sauti ikaendelea. Kina mama wakabeba watoto wakakimbia. Mtu mmoja akasema kwa sauti kile ambacho wote walikuwa wanakiwaza: "Ni Mzee Masalu."

Shija, mdogo wa marehemu, alikuwa ndiyo kwanza kafika kutoka Shinyanga. Yeye na wenzake siku zote walimwona Mama Limi ni mwanamke wa kuja tu kwenye ukoo wao, na walishaanza kusema koo la kaka yao halikuugua hivihivi. Sasa wamepata ushahidi.

"Anamtaja aliyemuua," Shija akasema. Akamwinua Mama Limi kutoka kwenye mkeka, akamsimamisha katikati ya uwanja. Wengine wakaanza kuuliza kamba iko wapi.

Mke wangu, aliyekuwa palepale na kina mama, maneno hakuyaelewa, ila mapigo aliyajua. Kitu kinaita mara tatu, kinanyamaza, kinaita mara tatu. Wikiendi zote anayasikia kupitia ukutani. Akatoka mbio.

Nilishtukia headphone inavuliwa kichwani.

"Baba Neema, zima hiyo kitu! Wanataka kumfunga Mama Limi kamba kwa ajili yako!"

Nikazima. Na nikadhani yameisha, maana sauti si imekoma? Kumbe ndiyo nimeharibu. Shija kule akasema, "Mnaona? Kamaliza kusema yake. Sasa huyu atueleze."

Hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo nikilikumbuka naona uso unawaka moto. Badala ya kwenda kusema kweli, nilitoa pikipiki jikoni, nikaisukuma kwenye migomba mpaka barabarani, nikaiwasha, nikaingia msibani na helmeti kichwani kama mtu anayetoka Runazi.

"Kuna nini tena jamani?"

Wakanieleza. Nikajifanya nafikiri. Nikasema hayo ni mawimbi ya redio tu, kuna mtu mahali anarusha, mwacheni mama wa watu.

Shija akaniuliza, "Wewe umetoka Runazi sasa hivi. Sauti hukuisikia. Umejuaje?"

Mwenyekiti akasogea taratibu, akaweka kiganja chake kwenye injini. Akakiacha pale, hakuungua.

"Njia ya mwongo ni fupi," akasema, "lakini hii yako mwalimu imezidi."

Mama Limi alikuwa bado amesimama pale, kanga imemtoka begani na mkono mmoja umeshikwa. Aliniangalia kama mtu anayengoja zamu yake dirishani hospitali.

"Ni mimi," nikasema. "Sauti ni yangu. Sikwenda Runazi, nilikuwa ndani nashindana redio."

Basi ungedhani wataamini. Shija akasema namkinga Mhangaza mwenzangu. Nikamwambia twende kwangu, wengine wabaki kwenye spika na mwenyekiti. Chagua mwenyewe niite mara ngapi, wao watahesabu.

Akaingia chumbani. Akanyoosha vidole vinne, nikaita mara nne. Akanyoosha viwili, nikaita mara mbili. Kule ng'ambo ya migomba tukasikia mwenyekiti anapaza sauti: "Nne! Na mbili!" Baada ya hapo msiba mzima ukaangua kicheko. Watu walicheka mpaka wafiwa wakacheka.

Shija peke yake hakucheka. Alikuwa ameinua ile sahani mezani, anaangalia rangi nyekundu chini yake.

"Umekula chakula cha kaka yangu humu?" akauliza.

Wakuu, bora angenipiga.

Shija alirudi msibani, akapiga magoti mbele ya shemeji yake, akamwomba radhi mbele ya watu. Mimi Jumapili asubuhi nilikabidhiwa jembe la kwanza kaburini, chini ya ule mkaratusi, na hakuna aliyenipokea mpaka mwenyekiti aliposema basi. Haki yangu. Mke wangu naye kina mama walimnunia, maana ndiye aliyekuwa anawajibu kwamba nimesafiri. Hilo ndilo linaniuma zaidi, nilimfanya mwongo na yeye. Shuleni sasa naitwa Mwalimu Runazi. Nikigeukia ubao tu, nyuma huko naanza kusikia "CQ, CQ".

Baada ya matanga nilibeba ngazi nikaenda kuutoa waya. Mama Limi akanikuta nimeshaiegemeza kwenye mti.

"Siku ile ulikuwa unaongea na nani?"

"Mtu wa Finland, mama."

"Anaitwa nani?"

"Sijui. Huwa hatuulizani majina."

"Na Mzee ulimsalimia kwa hao watu? Maana alikuwa ananiambia mwalimu atanisalimia."

Nilitazama ngazi.

"Basi uache huo waya," akasema. "Ukishamsalimia ndiyo uje uutoe."

Wiki iliyopita jua linazama niliwasha. Hakukuwa na contest. Nikampata mzee mmoja wa Japani, mstaafu, ana muda wake. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule kwamba Masalu wa Kibimba anakusalimu.

Akafurahi sana. Akauliza, huyo Masalu yuko hapo karibu?

Nilitaka kumweleza, nikashindwa. Nikatazama dirishani kwenye ule mkaratusi, nikamjibu yupo, yuko hapa jirani.

"Mwambie nimezipokea," akasema. "Na mimi namsalimu."

Nimejifunza kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, na kwamba msiba wa jirani haukwepeki hata kwa mawimbi. Haya mnayajua, mimi ndiye niliyechelewa. Wenye ya kunisema waniseme, nimeshazoea, ila mke wangu mwacheni.

Ninachowaomba ni ushauri. Salamu ninazo hapa na sijui nazifikishaje. Kila jioni navuka migomba niende kwa Mama Limi, nikifika pale kaburini miguu inagoma, narudi. Nyie mngeanzaje?