Kizibo cha Tatu

Fundi Desimali hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Alipewa na mafundi aliowatoa machozi. Ukimpelekea kazi iliyopungua kidogo, kiasi ambacho hata malaika angefumba macho, yeye anakurudishia na kukwambia, "Desimali moja ni moja," kisha anapuliza chai yake taratibu. Miaka ishirini na nane alikaa kwenye stuli ileile karakanani, mpaka stuli ikachukua umbo la makalio yake. Tusifichane, kazi alikuwa anaijua. Lakini kujua kazi ni kitu kimoja na utu ni kitu kingine, na yeye alipofika kwenye fungu la utu nadhani alikuta foleni ndefu akaondoka.

Kazi yenyewe ni hii. Kwenye mnara wa redio wanasema wengi kwa wakati mmoja: magari ya wagonjwa, teksi, walinzi, vituo vya muziki. Wasipotenganishwa, itakuwa kelele za sokoni. Anayewatenganisha ni kisanduku cha alumini kinachoitwa chujio. Ndani kina vyumba sita vilivyopakwa fedha, na juu ya kila chumba kuna skrubu. Fundi anazungusha skrubu kidogo, kidogo mno, macho yakiwa kwenye kioo cha mashine ya kupimia, mpaka mstari unaochorwa pale uchimbe mabonde sita yaliyo sawa. Hapo anakaza nati. Na ukikaza nati, skrubu nayo inasogea, mabonde yanavurugika, unaanza upya. Kuna watu wazima wamelia kwa sababu ya nati.

Ila kabla ya yote, mashine lazima ifundishwe. Kila asubuhi unaifungia vizibo vitatu vya shaba mwisho wa kebo, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kinaiambia, hapa pako wazi. Cha pili, hapa pamefungwa. Cha tatu, ambacho ndicho mfalme, kinameza wimbi lote bila kurudisha hata tone. Mashine haina akili ya kwake. Inaamini unachoiambia asubuhi, na kwa imani hiyo inapima kutwa nzima. Ukiidanganya saa mbili, mpaka saa kumi na moja itakuonyesha uongo kwa picha safi kabisa.

Desimali alikuwa na vizibo vyake, na mdogo wake, fundi pia, alikuwa na vyake. Walinunua siku moja, duka moja, pacha tupu, huwezi kuvitofautisha. Kisha yule mdogo akaugua homa siku nne, ya tano wakamzika. Mjane akabaki na kiboksi cha vizibo na mikono mitupu. Desimali akamchukua shemeji yake akamtafutia kazi karakanani, na ukoo mzima ukamsifu. "Kaka una moyo!" walimwambia. Alizipenda hizo sifa kuliko alivyompenda huyo shemeji, lakini hilo nani angelijua?

Mwanzoni alimpa ufagio. Baadaye kebo. Baadaye, kwa kosa ambalo alikuja kulijutia kila siku ya Mungu, akampa skrubu.

Loo, yule mwanamke alikuwa na mkono! Bisibisi kushoto, spana kulia, anakaza nati na skrubu haitikisiki. Kazi ambayo shemeji yake aliifanya kwa saa mbili, yeye alimaliza kwa dakika arobaini, na bado alikuwa na muda wa kufuta meza. Kila fundi akimaliza hupaka rangi juu ya skrubu ili isiguswe tena, na yeye alichagua rangi ya njano, basi karakana nzima ikamwita Njano. Akapewa meza yake na mashine yake, akaifundisha kwa vizibo vya marehemu. Kurekebisha machujio ya minara ikawa kazi yake peke yake, na Desimali akawa mkaguzi wa mwisho kwenye mashine kubwa, akiifundisha kwa vizibo vyake. Ikafika siku mwenye karakana, mama mmoja asiye na maneno mengi, aliposimama mlangoni akasema kwa sauti, "Desimali, umetuletea dhahabu." Desimali alicheka na wenzake. Chai yake siku hiyo ilipoa bila kuguswa.

Halafu kikaanguka. Ilikuwa asubuhi ya mvua, vidole vina baridi, kizibo cha tatu kikamponyoka Desimali kikapiga sakafu ya saruji. Hakuna aliyeona. Alikiokota, akakifuta kwa shati, akakitikisa sikioni. Ndani kulikuwa na kachembe kamelegea. Tss. Sauti ndogo tu, kama punje ya mchanga kwenye ganda.

Mtu mwingine angesema, jamani, nimeangusha, tutafute kingine. Lakini huyu ndiye aliyemfukuzisha fundi mmoja kwa kukanyaga kebo. Angeanzaje? Akakifunga kwenye mashine, mashine ikaamini, kazi ikaendelea.

Tangu wiki hiyo machujio ya Njano yakawa yanafaulu mezani kwake na kufeli kwa mkaguzi. "Shemeji, hili ni chujio la redio au chujio la chai?" Desimali anauliza kwa sauti, karakana inacheka. Anaandika makosa ubaoni, jina juu, namba chini. Kisha anakwangua rangi, anazungusha skrubu mpaka mabonde yapendeze kwenye mashine yake iliyodanganywa, na anapaka tena rangi ya njano, kwa sababu karatasi ya kazi ina jina la Njano. Njano akawa hali chakula cha mchana. Anarudia, anapima, anarudia. Akaanza kuutazama mkono wake mwenyewe kwa wasiwasi.

Je, Desimali alijua? Alijua na hakujua, kama mtu mwenye jino bovu anayetafunia upande wa pili.

Machujio kumi na moja yakarudi kutoka minarani kwa mpigo. Madereva wa magari ya wagonjwa walikuwa wanasikia teksi zikigombea abiria. Mwenye karakana aliyapanga yote juu ya benchi, na yote kumi na moja yalikuwa na rangi ya njano.

"Nieleze," alimwambia Njano.

"Bosi, mimi naomba tupime vizibo. Vyangu na vya shemeji, vyote. Kimojawapo kimekufa. Mashine zetu haziwezi kubishana hivi bure."

"Unanishuku mimi?" Desimali akaruka. "Mimi niliyekutoa jikoni?"

"Sikushuku, shemeji. Naomba tupime tu."

Mwenye karakana alikuwa na seti mpya kabatini, haijafunguliwa. "Kesho Ijumaa asubuhi tutaifungua," alisema. "Tutafundisha mashine kwa hiyo, tutapima vyenu viwili. Mwenye kizibo kibovu, kazi hapa imeisha. Nimechoka."

"Mimi sina neno," alisema Desimali.

Alhamisi hiyohiyo saa saba mchana Njano alikwenda bombani kunawa. Karakana ilikuwa tupu. Desimali akafungua droo ya shemeji yake akatoa kiboksi. Kwenye upande wa ndani wa mfuniko marehemu alikuwa ameandika kwa wino tarehe ya siku ile ya kununua, na chini yake: Mimi na kaka.

Aliyasoma. Tuseme haki yake, mkono ulisita. Ulisita kama mtu anavyosita kuingia maji ya baridi, kisha akaingia. Akatoa kizibo cha tatu cha marehemu. Kilikuwa na doa la njano ambalo Njano alikiwekea ili asikichanganye na cha mtu. Akalifuta doa kwa spiriti, akakitia mfukoni mwake. Akachukua kile kibovu, akafungua chupa ya rangi iliyokuwa mezani kwa Njano, akakitia doa palepale, akalipuliza taratibu kama anavyopuliza chai. Njano aliporudi alimkuta kwenye stuli yake.

"Umekula lakini, shemeji?" Desimali alimuuliza. Hebu fikiria!

Ijumaa walikusanyika wote. Mwenye karakana alivunja lakiri kwa mkono wake, akafundisha mashine kwa vizibo vipya. Akafunga kizibo cha Desimali. Mstari ukalala chini kabisa ya kioo, umenyooka, wimbi lote limemezwa. Akafunga cha Njano. Mstari ukapanda ukasimama kama nundu ya ng'ombe. Hakuna aliyecheka safari hii.

Njano alikifungua kile kizibo. Akakitikisa sikioni, akasikia. Akakigeuza, akabonyeza doa la njano kwa ukucha, na ukucha ukazama. Rangi ile hukauka kwa siku mbili mpaka iwe ngumu kama jiwe, kila aliyekuwa pale alilijua hilo.

"Rangi hii mbichi, bosi," alisema. "Doa langu lina miaka minne. Hiki si changu."

Mwenye karakana akamgeukia Desimali. Neno moja tu la kweli lingemwokoa Njano, na Desimali alikuwa nalo mdomoni, tayari kabisa.

"Bosi," alisema polepole, "humu ndani rangi ya njano anatumia nani?"

Macho yote yakamwendea Njano.

"Na chupa iko mezani kwa nani?"

"Kumbe!" Mwenye karakana alimrudia Njano kwa hasira. "Yaani umeangusha, ukajua, ukapaka rangi mpya ili useme umebadilishiwa? Na unamsingizia mtu aliyekushika mkono?"

"Bosi, nisikilize..."

"Nimekusikiliza wiki mbili nzima. Kusanya vitu vyako. Na huo uchafu wako, kizibo hiki, uondoke nao."

"Usimkasirikie sana, bosi," Desimali akasema, tena kwa upole. "Tangu afiwe hajakaa sawa."

Hilo la mwisho hakuna aliyemtuma. Alilitoa mwenyewe, bure, kama nyongeza ya muuza karanga. Njano alimtazama mara moja tu. Akafunga kiboksi chake, akatoka. Mjini hakukuwa na karakana nyingine ya kazi hiyo isipokuwa moja, na Jumamosi alipokwenda kubisha hodi walishasikia habari za fundi aliyeficha kizibo kibovu. Walimwonyesha mlango bila kumkaribisha ndani.

Jumapili mchana mama yao Desimali na marehemu akawaita Njano na Desimali. Mama huyu aliishi kwa Desimali, macho hafifu, masikio mazima, na kila alichosikia kuhusu karakana alikisikia kwa Desimali. Walikaa sebuleni. Juu ya kabati la vyombo ilikuwepo picha ya marehemu, inaelekea kiti cha Desimali.

"Mkwe wangu," alisema bibi yule, "umemwaibisha shemeji yako mbele ya watu. Aliyekulisha. Muombe radhi yaishe, mimi sitaki kufa na mafundo ya watoto wangu."

Njano alisimama. "Shemeji, nisamehe kwa aibu uliyoipata."

"Yameisha," alisema Desimali, akilitazama zulia.

"Sasa mama, nina kitu." Akafungua mkoba, akatoa leso, akaifunua juu ya kiganja. Kizibo cha shaba, doa la njano. "Nilipoondoka walinipa hiki, wakasema ni changu. Kilikuwa kwenye kiboksi cha marehemu. Lakini vilikuwa viwili, mama, kimoja chake na kimoja cha kaka yake, na mimi siku wanavinunua sikuwepo. Shemeji anavijua. Muulize yeye hiki ni cha nani."

Bibi alikipokea kwa mikono miwili. Akakipapasa, akakinusa. "Mwanangu," alimuuliza Desimali, "hiki ni cha mdogo wako? Cha kwake kweli?"

Njano alikuwa ameketi, mikono mapajani. Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anasubiri tu. Cha kweli kilikuwa mfukoni mwa Desimali, alikuwa hathubutu kukiacha popote.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ni cha marehemu."

"Ee Mola wangu!" Bibi alikibusu. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu aliyepata kitu, akanyanyuka akishikilia ukuta mpaka kwenye kabati, akakiweka mbele ya picha. Njano alikunja leso yake vizuri, kona kwa kona. Alimuaga mama. Alimuaga na shemeji, kwa heshima zote, akaenda zake.

Jumatatu asubuhi Desimali alikuwa mlangoni na mkoba begani mama yake alipomwita. Bibi alikuwa amesimama kando ya kabati, ameshakifuta kile kizibo kwa pindo la kanga mpaka kinang'aa.

"Njoo ukishike kwanza. Kila ukienda kazini uwe unakishika, ndugu yako aubariki mkono wako."

Alikishika. Bibi naye akaukamata mkono ule kwa furaha, akautikisa, kama anayesalimiana na watoto wake wawili kwa pamoja. Tss.

"Umesikia?" alisema bibi. "Kinasema kitu. Sikiliza, mwanangu, wewe ndiye fundi. Kinasemaje?"

"Sijasikia, mama," alisema Desimali. Akakirudisha mbele ya picha, akaenda kazini.