Ugali Niliowapelekea Mbwa Mwitu

Mbwa akilowa mvua ana harufu yake, nanyi mnaijua. Mimi hunirudisha Misima, kwenye vichaka nyuma ya shamba la mihogo la bibi, nikiwa na miaka tisa. Au minane. Niliishia la saba, na kumbukumbu zangu siziamini sana, kwa hiyo mnisome taratibu.

Asubuhi moja ya ukungu, nikichunga mbuzi, niliona mbwa mwitu wamehamia kwenye shimo la zamani lililochimbwa na muhanga, yule mla mchwa. Nikajilaza nyuma ya kichuguu. Masikio yao yalikuwa ya duara, manyoya yana mabaka meusi, meupe na ya manjano, kama kitambaa alichofutia mikono fundi wa rangi. Mbuzi wetu hawakuguswa. Lakini jirani alipotelewa na wawili msimu ule, na hilo nalo lazima niliseme.

Watoto watano walitoka shimoni wakipepesuka, kama wanaoelea kwenye ule ukungu. Mkubwa mmoja akarudi kutoka mawindoni, akainamisha kichwa, akatapika nyama. Watoto wakaigombania.

Moyo uliniuma. Nilijua mama yao anaumwa, nao wana njaa mpaka wanakula matapishi.

Nyumbani nikaomba kiporo cha ugali.

"Cha nani?" bibi akauliza.

"Cha mbwa, bibi."

"Mbwa yupi? Tutaonana hali chakula tangu juzi, anakohoa tu kama mzee wa tumbaku."

Tutaonana alikuwa mbwa wetu. Bibi alimpa jina hilo ili jirani alisikie kila mbwa akiitwa.

"Kitaliwa tu," nikasema.

"Haya. Ila sahani yangu usiiguse. Chombo cha mbwa ni cha mbwa."

Kwetu mate ya mbwa ni najisi, na mimi nilikuwa mtoto mtiifu. Nikachukua kigae cha Tutaonana, ute wake haujakauka, nikatia ugali na mchuzi wa dagaa. Wakubwa walikuwa wameenda kuwinda. Mmoja aliyebaki kulinda watoto alirudi nyuma vichakani aliponiona. Nikakiweka kigae kwenye mdomo wa shimo, nikajificha. Watoto walikilamba mpaka kikang'aa. Nilirudi nyumbani sihisi miiba.

Tutaonana alikufa wiki ile. Zilipopita kama wiki mbili nikaenda tena shimoni. Kimya. Mtoto mmoja alikuwa amelala nje, amekufa, macho yameganda tongo. Nikamfukia kwa mikono yangu, wala sikumwambia mtu.

Mwaka juzi, hapa Chanika ninakoishi sasa, bwana mifugo alikuja kuchanja mbwa. Alisema mbwa mwitu wamebaki wachache mno, na maradhi ya mbwa wetu huweza kumaliza ukoo mzima. Akasema pia wakubwa hubeba nyama tumboni na kuwatapikia watoto, hata wagonjwa na vilema wao hulishwa hivyo.

"Na chombo alicholia mbwa?" nikauliza.

"Hicho nacho huambukiza, mama. Si kina mate? Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Kumbe mama yao alikuwa mzima, anawalisha. Sisemi kwa hakika kuwa niliwaua mimi. Tutaonana mwenyewe alizurura vichaka vile, na bwana mifugo alisema mbwa mwitu huhamahama mashimo. Wale wanne huenda walihama. Wa tano nilimfukia nikilia, kwa kuwa nilidhani amekufa kwa sababu ugali niliopeleka ulikuwa kidogo.